Kisanduku Ndani ya Halua

Palma, 11 Februari 2018

Mjomba Abdulcarimo,

Shikamoo. Nadhani barua hii inakukuta mezani kwako umepandisha miwani kwenye paji la uso, huku unaitafuta miwani hiyohiyo. Sisi huku tupo. Dada yako mguu bado umevimba ila mdomo uko palepale, kila siku anakusema kwamba tangu uhamie Mtwara umejifanya mgeni. Mimi nafundisha zamu mbili. Hafsa amerudi kutoka shule ya wasioona kule Beira, amenipita urefu, na anasema mchuzi wangu hauna chumvi.

Mjomba, nina shida ya ufundi. Hafsa hawezi kurudi Beira. Tangu Oktoba, waasi wa porini walipoushambulia mji wa Mocímboa, barabara ile watu hawaipiti kwa furaha, na mimi mwanangu haoni, nitampakiaje kwenye gari nikalale? Director Germano, mkuu wa shule yangu, amekubali asome kwetu na afanye mtihani wa darasa la kumi, kwa sharti moja: awe na vitabu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole. Shule yake ya Beira ilimgawia printa yao ya zamani ya kupiga nukta hizo. Imefika, nzito, vijana wawili waliibeba. Lakini waya wake ulipotea siku nyingi, na tundu lake ni la duara, halifanani na kitu chochote tulicho nacho. Kompyuta ya shule, waliyotuachia watu wa gesi walipobadilisha ofisi, ina ule mlango wa pini tisa nyuma. Nimekuchorea tundu lote na vishimo vyake.

Usinipigie simu. Kwenye vizuizi askari wanaangalia namba kwenye simu, na namba ya Tanzania ndiyo wanayoitafuta. Mpe barua Verónica, yule Mmakonde anayeuza sufuria. Anavuka Ruvuma mara kwa mara na hakuna anayempekua.

Mpwa wako, Zaida


Mtwara, 4 Machi 2018

Mpwa wangu Zaida,

Marahaba, na nyingine ya Idi iliyopita ambayo ulininyima. Mwambie dada yangu mgeni yuko hai. Mama Sadique naye mzima, anapika vitumbua mbele ya nyumba na vinaisha kabla mimi sijaamka. Mwanangu Sadique anatengeneza simu kwenye kona ya meza yangu. Ananiambia kazi yangu ni ya makumbusho. Nilipofungua mchoro wako akaja kuchungulia, basi nikamuuliza, kwa mtu wa makumbusho leo unatafuta nini?

Kazi inawezekana. Mashine yako inasema kwa umeme mdogo, volti tano tu. Mlango wa pini tisa unasema kwa nguvu zaidi, tena kinyume: mmoja akimaanisha ndiyo, mwenzake anasikia hapana. Ukiwaunganisha hivihivi utaiunguza. Lazima pawe na mkalimani katikati. Nitatengeneza kisanduku chenye chipu, betri, na taa nyekundu ya kukuonyesha maneno yanapita. Waya wa kusema wa kompyuta utaingia kwenye waya wa kusikia wa mashine. Halafu kuna mwingine, mimi nauita waya wa subiri. Kompyuta ina pupa, mashine inagonga polepole. Bila waya huo herufi zitamwagika njiani na mtoto atasoma upuuzi.

Hukuniambia kitu kimoja. Ulipochora ulikuwa unaangalia tundu la mashine kwa mbele, au plagi ya kuingia humo? Kulia kunageuka kushoto, nami nikikosea nitaiua kweli.

Na hilo la kupekuliwa umelipitia haraka sana. Wanampekua nani?

Mjomba wako, Abdulcarimo


Palma, 27 Machi 2018

Mjomba,

Shikamoo. Nilikuwa naangalia tundu la mashine, kwa mbele. Hafsa alikuwa anahesabu vishimo kwa ncha ya sindano ya kushonea na mimi nachora, kwa hiyo usitie shaka.

Mama anakusalimu. Nyumba imejaa. Ndugu zetu wa kijiji cha Quionga wamehamia kwetu, wanne chumba kimoja, wanasema wamekuja kumwangalia mgonjwa. Mama anawajibu karibuni, wala haulizi kwa nini wamekuja na kuku wao na magodoro.

Umeuliza wanampekua nani. Karibu kila mtu, Mjomba, lakini vijana wa kiume zaidi. Kuna wanaochukuliwa na watu wa porini, kuna wanaochukuliwa na askari, na ukiulizia unaanza kuangaliwa wewe. Darasani kwangu kuna madawati matatu ya nyuma siulizi habari zake. Naogopa. Nimeliandika neno hilo nikalikata, nikaliandika tena.

Kikiwa tayari mpe Verónica. Tafadhali, si mtu mwingine.

Zaida


Mtwara, 1 Mei 2018

Zaida mpwa wangu,

Wazima? Sisi tunashukuru. Mvua imetuharibia paa la jikoni, mama Sadique anapikia sebuleni na nyumba nzima inanuka mafuta.

Kisanduku kimekwisha, tena kizuri, nimekijaribu kwa printa nyingine ya zamani hakikudondosha herufi. Nyuma ya mashine yako kuna vijiti vidogo vya kuwasha na kuzima. Viweke mwendo wa 1200, na kwenye kompyuta weka mwendo huohuo. Wakitofautiana hawatasikilizana hata wakikaa mwaka.

Ulisema nimpe Verónica. Barua hii nampa, lakini kisanduku nimempa Sadique na ametangulia jana. Verónica ana mzigo wa sufuria unagongana njia nzima, na kitu chenyewe hakitaki kugongwa. Sadique mwenyewe alikuwa amenishika shati miezi yote hii, anataka kuja kuangalia kazi za gesi na kumsalimu shangazi yake. Umri wake nimfungie ndani? Tena anasema ataiwasha mashine mwenyewe, wewe na Hafsa mtakaa kitako mnamtazama.

Kisanduku nimekifunga nailoni nikakitia kwenye kopo la halua, na halua nikaimwaga juu yake ingali moto, ikaganda vizuri. Unajua watu wa forodha, wakiona kitu cha umeme watataka chao. Saa ya marehemu baba yako si ilifika ndani ya mchele? Na redio ya dada yangu si ilivuka ndani ya unga? Kuleni halua ya juu kwa futari, Ramadhani inaingia. Ya chini ina harufu ya risasi ya kulehemu.

Mjomba wako


Palma, 22 Mei 2018

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani iwe ya heri kwenu. Mama anafunga japo tumemkataza. Hafsa hajambo. Ndugu wa Quionga wapo bado.

Halua haijafika mezani kwetu.

Naomba uniandikie karatasi nyingine, peke yake, kwa Kireno. Eleza kisanduku ni nini, kila waya unakwenda wapi na kwa kazi gani. Usiandike "mkalimani", wala usifanye mzaha humo ndani. Weka jina lako kamili, muhuri wa karakana, na nakala ya kitambulisho. Mpe Verónica haraka sana. Hata usiku akiondoka, sawa.

Usije huku. Nakuomba kwa jina la mama yangu, usije.

Zaida


Mtwara, 3 Juni 2018

Zaida,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na jina la mwanangu halimo.

Verónica amekaa kwangu kutwa nzima. Nimempa chai, nimempa chakula, hakuniangalia usoni. Nimemuuliza kama Sadique alifika salama, akasema yeye ni mbebaji tu wa barua. Mwanamke yule nimemjua miaka yote anaongea mpaka unaomba poo. Mama Sadique ameniuliza mbona umekunja uso, nimemwambia jino.

Karatasi uliyotaka ni hii, na muhuri. Nimeiandika mara tatu. Sijalehemu kitu tangu jana.

Zaida, mimi ni kaka wa mama yako. Niambie Sadique yuko wapi.

Abdulcarimo


Palma, 24 Juni 2018

Mjomba,

Shikamoo. Idi imepita. Tulimwambia mama kwamba Sadique ameahirisha safari, akakasirika, akala biriani yake akalala. Nisamehe kwamba nilinyamaza. Nilidhani nitamtoa kabla hujajua.

Walimkamata kwenye kizuizi cha kuingilia mjini. Askari alichoma kisu ndani ya halua kama wanavyochoma kila kitu, kisu kikakwaruza bati. Wakamwaga. Mjomba, fikiria walichokiona: kijana anatoka ng'ambo ya mto, amebeba betri, nyaya na taa nyekundu, vimefungwa nailoni na kufichwa ndani ya chakula. Wakamuuliza ni nini, akasema ni cha kompyuta. Wakamuuliza kwa nini umekificha, akasema sisi siku zote tunafanya hivi. Aliyenisimulia alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Anasema pale ndipo walipomlaza chini.

Yuko kambini kwao. Tangu siku ile nampelekea chakula, na Ramadhani yote nilimpelekea futari. Siruhusiwi kumwona, lakini chakula kinapokelewa getini na vyombo vinarudi vitupu. Kwa hiyo anakula. Nakwambia hilo ulishike, maana na mimi ndilo ninaloshika.

Karatasi yako imesaidia. Nilimpa tenente wao, luteni mmoja kijana wa kusini, macho mekundu kama hajalala tangu afike. Mkubwa wake alitaka kuichana. Tenente akaisoma yote, akasema leteni hiyo mashine hapa, tuone. Amenirudishia kisanduku kimevunjwa kifuniko na nyaya mbili zimeng'olewa, njano na kijani. Kwenye karatasi hukuandika rangi. Niambie kila mmoja unarudi wapi. Nikikosea mashine itaungua, na mbele yao nitakuwa mwongo, na Sadique je?

Zaida


Mtwara, 30 Juni 2018

Mwanangu Zaida,

Sina salamu leo. Sikiliza.

Njano ni waya wa kusema: unatoka kwenye chipu, mguu wa karibu na taa, unakwenda kishimo cha kusikia cha mashine, kile nilichokitilia duara kwenye mchoro huu. Kijani ni waya wa subiri, unakaa kwenye mguu wenye herufi S katika mchoro. Usiziguse zote mbili pamoja betri ikiwa ndani. Mtafute fundi redio yeyote alehemu, chuma kisikae zaidi ya pumzi moja, chipu haipendi moto. Betri nunua mpya. Jaribu nyumbani kwanza. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, zima upesi, maana yake umepishanisha.

Mama Sadique ameshajua. Alinisoma usoni. Nilifunga mkoba nije, ameukalia mlangoni, anasema mmoja anatosha.

Kisanduku kikikataa, waambie kosa ni la fundi. Halua niliimwaga mimi kwa mkono huu, na kumpa mtu mwingine wewe ulinikataza. Wape jina langu na mtaa. Nitakuja ng'ambo mwenyewe, wamwachie yeye.

Abdulcarimo


Palma, 19 Julai 2018

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, mwite mama Sadique akae karibu yako.

Kisanduku kilikubali. Fundi redio wa sokoni alilehemu, tukajaribu shuleni, taa ikapepesa kama ulivyosema, na mashine ikaanza kugonga. Inagonga kwa nguvu mpaka watoto wa darasa la pili walikimbia nje. Hafsa akapitisha vidole akasoma sentensi yangu ya kwanza bila kukosea. Nilifurahi sana. Nililia pale mbele ya Director Germano.

Tukaipeleka kambini kwa gari la shule. Hafsa nilitaka kumwacha nyumbani, akakataa, akasema bila yeye mtawaonyesha nini, karatasi nyeupe? Na kweli, ilipotoka karatasi ya kwanza askari waliigeuza huku na huku hawakuona wino, wakaona vinundu tu. Mmoja akasema hii ni lugha ya siri. Mkubwa wao, mtu mnene aliyekaa kwenye kiti mlangoni, akasema ndiyo, hasa. Mjomba, tulikuja kumsafisha Sadique na palepale nikaona tunamzika.

Tenente akasema msichana asome. Hafsa akasoma. Mkubwa akasema wamekariri pamoja nyumbani. Basi tenente akavuta kiti, akasema nitaandika mwenyewe. Akageuza kompyuta tusione, akaandika kidogo, akafuta, akakaa, akaandika tena. Mashine ikagonga mstari mmoja. Akaichomoa karatasi mashineni akamwekea Hafsa mapajani.

Hafsa akapitisha vidole mara moja, akarudia. Mkubwa akauliza, inasemaje? Hafsa akainua uso.

"Siwezi kusoma," akasema. "Herufi zimepotea."

Nikauwaza ule waya wa kijani, nikajua umeungwa vibaya, nimemuua mtoto wa watu. Nilitaka kumpiga Hafsa kibao, mwanangu mwenyewe, kipofu, kwamba si ungebuni hata neno? Mkubwa akaanza kucheka. Lakini tenente alikuwa anaitazama mikono ya Hafsa, ilikuwa imeifunika karatasi yote. Akasimama akasema mashine kuukuu hukosea, huyu ni mtoto asiyeona na hiki ni kitu cha shule, yeye ameridhika. Chukueni, akasema, na takataka zenu hizo. Mkubwa alinung'unika, ila jua lilikuwa kali na chakula chake kilikuwa kimefika. Tukatoka. Hakuna aliyetuzuia. Nikauliza getini, na kijana wetu? Wakasema rudi wiki ijayo.

Njia nzima nilimfokea Hafsa. Hakunijibu. Tulipofika akaniomba nifunge mlango, akaniuliza kama bibi yuko uani. Akanishika mkono akaukalisha juu ya karatasi, akanisomea. Yule tenente alikuwa ameandika kwa Kireno: Kijana alikufa mwezi wa Mei. Msirudi hapa, msiseme kwamba nimewaambia.

Hafsa akasema, "Ningesoma kwa sauti ungepiga kelele, mama, na yule mkubwa angejua nani katuambia. Wasingetuacha tutoke."

Sikupiga kelele hata hapo. Nilikaa chini. Nikakumbuka vyombo, Mjomba. Futari ya mwezi mzima, samaki niliokuwa nawachambua miiba, wali wa nazi, na vyombo vinarudi vitupu na mimi namshukuru Mungu njiani. Walikuwa wanakula wao.

Kaburi sijui liko wapi, na sina wa kumuuliza. Mama tumemwambia usiku uleule, hajasema neno mpaka leo, na wewe unamjua. Ndugu wa Quionga wamefunga magodoro yao. Majirani wananichungulia kwa sababu waliniona nikiingia kambini na kutoka mzima, na siku hizi mtu anayetoka huko salama watu wanajiuliza ametoa nini. Tutaondoka, sijui lini wala wapi. Wewe usije. Sasa ndiyo usije kabisa.

Karatasi yenyewe naiambatisha. Ikipita kizuizini ni nyeupe, hakuna atakayeijua.

Na usijitese kwa ufundi, Mjomba. Nyaya zilikuwa sawa. Hakuna herufi hata moja iliyopotea.

Zaida


Mtwara, 11 Agosti 2018

Zaida, mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na za dada yangu nimezipokea hata kama hakuzisema. Mwambie anywe dawa. Mimi nimefunga karakana. Khitma tumeisoma hapa nyumbani bila maiti, watu walijaa mpaka barabarani. Waliniuliza amezikwa wapi, nikasema ng'ambo.

Wewe hukumuua, wala Hafsa. Aliyemuua ni askari, na aliyempa kopo ni mimi. Mama yake hajanilaumu kwa mdomo. Ananipakulia chakula kama kawaida, na halua haiingii tena nyumba hii.

Njooni. Vukeni na Verónica, usingoje barua nyingine, chumba cha Sadique kipo wazi. Mashine iacheni, ila kisanduku Hafsa aje nacho. Huku nitamtafutia nyingine nami nitaiunga, nina kazi gani tena? Mtoto asiache kusoma. Amewatoa nyote mle ndani kwa kukaa kimya, na mimi mtu mzima sikuweza hata kukusikiliza ulipoomba kitu kimoja.

Karatasi ninayo. Mama Sadique anaiweka chini ya mto, asubuhi ananipa mimi. Naipapasa yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na vidole vyangu vimekufa kwa miaka ya kulehemu, naona vinundu tu. Mwambie Hafsa anieleze kwenye mstari ule mwanangu ni nukta zipi, nipate kuweka kidole pale.

Mjomba wako, Abdulcarimo